Nimerudi Mbeya na brashi zangu

Kuchora kwa rangi za maji nilijifunzia Glasgow, kwenye darasa la jioni la watu wazima, na miaka yote ile milima iliyokuwa kichwani mwangu ni Loleza na Rungwe. Sasa nimerudi. Milima ninayo mbele ya macho, na mkono unabidi ujifunze upya.

La kwanza ni mwanga. Kule Uskochi, mwezi Juni jua huzama kwa kujivuta, na likishazama anga hubaki na rangi muda mrefu. Unachora, unakunywa chai, unaendelea. Huku kwetu jua hushuka karibu wima. Likishagusa mgongo wa mlima, dhahabu yote ni ya dakika chache, kisha giza. Ndiyo maana kamera inatangulia na brashi inafuata.

Shangazi yangu wa Tukuyu aliniuliza, "Mwanangu, si umeshaupiga picha huo mlima? Unauchora wa nini tena?" Nikamwonyesha. Rungwe ni mlima wa karibu mita 3,000, na mara nyingi kufika saa nne asubuhi mawingu yameshaufunika, kwa hiyo nilikuwa nimeupiga alfajiri. Ukiipima kamera kwa mwanga wa anga, msitu na migomba ya chini hutoka nyeusi tii. Ukiipima kwa msitu, anga linaungua na kubaki jeupe. Lakini shangazi, akiwa amekaa kibarazani, anaviona vyote viwili kwa wakati mmoja. Alichokiona yeye ndicho ninachotaka kukiweka kwenye karatasi. Akaitazama picha kwa muda, akasema, "Basi usisahau moshi wa jikoni kwa jirani." Kwenye picha moshi haukuwepo. Kwenye mchoro upo.

Rangi za maji hazina haraka na mtu, ila zinaitii hewa. Kwenye uwanda wa juu wa Kitulo, Juni na Julai, asubuhi kuna sakitu, ule umande ulioganda ukawa mweupe, na baridi kavu. Unapaka anga, na kabla hujafika ukingoni limeshakauka na kuacha mstari. Tukuyu, kwenye mvua zake, karatasi hubaki mbichi, na ukidondosha kijivu juu yake ukungu wa mashamba ya chai unatambaa wenyewe. Nyeupe yenyewe haipakwi. Sakitu ni karatasi uliyoiacha wazi, na kuiacha wazi kunataka moyo kuliko kupaka.

Kuna mahali barabara ya Chunya inapopanda juu ya mji, bonde la Usangu likafunguka lote chini yako. Septemba na Oktoba moshi wa mapori yanayochomwa na vumbi hulifuta kabisa. Mvua za kwanza zikishaiosha hewa, matuta ya mbali yanarudi moja nyuma ya jingine, kila moja likiwa na buluu hafifu kuliko la mbele yake. Buluu ya ultramarini chembe zake hutulia kwenye vishimo vya karatasi, na mlima wa mbali unapata ngozi yake. Hapo kamera yangu haijawahi kunipa ninachokipata kwa brashi.

Naipenda sana michoro ya Tingatinga, iliyoanzia Dar es Salaam miaka ya 1960 kwa mikono ya Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru. Simba wake na twiga wake wanajulikana duniani. Lakini mtoto aliyekulia chini ya Loleza anastahili pia kuuona mlima wake ukutani darasani, umechorwa na mtu anayeujua unavyobadilika kati ya masika na kiangazi.

Maua ya Kitulo yanaanza Desemba, na nitakuwa huko na kamera na sanduku la rangi. Kwa sasa, Jumamosi asubuhi watoto wa mtaani kwetu wanakuja uani. Karatasi ya kawaida inajikunja ikilowa, na ile nzito ya pamba ni ghali, kwa hiyo naikata vipande vidogo ili kila mmoja apate. Tunaanza na Loleza kwa sababu unaonekana kutoka hapo hapo tulipoketi. Anayetaka kuungana nasi aje na penseli tu.