Waya mweupe wa tela la babu

Mwaka 2013 nilikuwa dogo wa gereji pale Nyakato, Mwanza, najifunza umeme wa magari, na nilikuwa nimefika ile hatua mbaya ya ufundi, unajua vitu vitatu unaona umemaliza. Asubuhi hiyo fundi wetu mkuu, sisi tulimwita Mzee tu, kaenda mjini kutafuta spea, mimi nimebaki na funguo na kiburi changu. Ikaingia gari ambayo sijawahi kuiona, Fiat Ducato nyeupe ndefu, ndani ina vitanda, jiko la gesi, sinki, mpaka choo, yaani nyumba imefungwa matairi, na nyuma inavuta tela lenye kaboti ka alumini.

Mwenyewe babu mmoja hivi, kafanya kazi Uingereza miaka na miaka, kastaafu karudi na gari lake kwa meli, na usukani kule kama kwetu uko kulia kwa hiyo hana shida. Alikuwa anaenda Bukoba na bibi na wajukuu wawili. Jana yake jioni trafiki kamsimamisha Usagara akielekea kivuko cha Kigongo (daraja enzi hizo hakuna, limekuja kufunguliwa 2025), kamwambia mzee wangu taa za tela lako zinacheza disko, usiku huu huendi nalo popote.

Na kweli zilikuwa zinacheza disko. Ukiwasha indiketa ya kushoto, taa zote za nyuma za tela zinapepesa. Ukikanyaga breki, parking, zile taa ndogo za usiku, zinafifia badala ya breki kung'aa. Halafu babu akaniambia kitu ambacho kama ningekuwa na masikio ningemaliza kazi palepale, akasema, "Kijana, kuna muda nikipita kwenye tuta zinarudi vizuri kabisa, kilomita mbili tatu, halafu zinaharibika tena." Nikajibu sawa babu, nikaendelea na yangu.

Nikaanza kwenye soketi ya gari. Ilikuwa ya pini saba ya Kiingereza: njano indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, nyekundu breki, nyeusi na kahawia parking za kushoto na kulia, bluu taa ya ukungu, na nyeupe ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Nikabana klipu ya testa, kile kitaa cha kupimia umeme, kwenye bodi ya gari, nikagusa pini moja moja, moto upo kila mahali. Fyuzi nzima. Basi gari limepona, ugonjwa uko kwenye tela, mpaka hapo nilikuwa sawa kabisa na ningeishia hapo leo ningekuwa nasimulia kitu kingine.

Nikahamia nyuma. Klipu ya testa nikaibana kwenye chuma cha tela, nikagusa waya wa njano pale kwenye taa, testa kimya. Nyekundu, kimya. Nikasema ahaa, nyaya zimekatika katikati. Aisee nilichana ile tepu yote, nikakata waya wa njano, nikakata na mwekundu, natafuta mkatiko usiokuwepo, jua la saa saba linanichoma mgongo, wajukuu wamechuchumaa wananiangalia kama wanaangalia mpira. Nikabadilisha na balbu za indiketa zote mbili maana zilikuwa nyeusi, nikachukua zilizokuwepo kwenye kopo, zikaingia vizuri, nikaridhika. Disko likaendelea.

Mzee karudi kama saa nane na nusu. Babu akasema shikamoo fundi kwa utani, maana walikuwa rika moja, wakacheka. Mzee hakuniuliza nimefanya nini, alimuuliza babu, "Hili tela mnaliingiza ziwani?" Babu akasema ndio, analirudisha nyuma mpaka boti ielee. "Na plagi imechomekwa?" Imechomekwa. Taa za moto zinazamishwa kwenye maji baridi, maji yanapenya ndani, hata haya ya ziwa yasiyo na chumvi yanaleta kutu.

Akachukua waya mrefu, ncha moja kwenye negativu ya betri, nyingine akaigusisha kwenye chuma cha tela. Disko likakata hapohapo, parking zikatulia.

Kumbe ule waya mweupe niliouona hauna kazi ndio ulikuwa umefungwa kwa bolti kwenye fremu, na chini ya bolti ni kutu tupu. Umeme ukikosa njia ya kurudi unatafuta uchochoro, unapita kwenye balbu za jirani, ndio maana unawasha indiketa inajibu parking. Kwenye tuta zilikuwa zinarudi kwa sababu chuma cha tela kinagusana vizuri na ndoano ya gari kwa muda. Na testa yangu ilikuwa kimya kwa sababu klipu nimeibana kwenye ethi mbovu ileile, nikalaumu nyaya nzima.

Tukapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, bolti mpya, grisi juu. Nikajua yameisha. Babu akawasha indiketa ya kulia, ikaanza kupiga haraka haraka kama moyo wa kuku aliyekamatwa. Mzee akafungua taa, akachomoa balbu, akaisogeza karibu na macho. "Nani kaweka wati tano mahali pa ishirini na moja?" Sikujibu. Kitako chake ni kilekile, inaingia bila ubishi, ila gari likiona mzigo umepungua linadhani balbu imeungua, linapiga haraka.

Nyaya mbili nilizokata nikaziunga mwenyewe, nikazungushia tepu, bibi akatuletea chapati na chai alivyopika mlemle ndani ya gari. Wakaondoka saa kumi na moja. Mzee alipogawa hela, yangu ilikuwa pungufu elfu mbili. Nikamuuliza mbona hivi.

"Ya tepu," akasema.