Kabla sijala kiapo

Kwenye kijitabu cha mtihani wa uraia wa Marekani kuna swali ambalo binti yangu aliniuliza jikoni, mimi nikichambua maharage: "Mama, ni watu gani walioletwa Marekani wakauzwa utumwani?" Jibu lililochapwa ni fupi: Waafrika. Nikajibu, akaitikia "sawa", akafungua ukurasa wa maseneta. Mimi mikono ilisimama. Yaani afisa atamuuliza Mwafrika swali hilo, na Mwafrika akilijibu vizuri atapewa uraia.

Mtihani nimefaulu. Kiapo ni mwezi ujao, mwaka huuhuu ambao taifa hili linatimiza miaka 250. Katika kiapo hicho nitakana utii wote kwa dola niliyokuwa raia wake, na kwa kuwa Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, maneno hayo yana gharama ya kweli kwangu kuliko kwa rafiki zangu Wakenya. Mama, yuko Tanga, aliniuliza kwenye simu: "Kwa hiyo ukija kunizika itabidi uombe viza?" Nikamwambia ndiyo, mama. Akanyamaza kidogo, kisha akaniombea dua. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kwa dhati: ninachokipokea ni nini hasa? Kuwa Mmarekani ni kuwa nani?

Wamarekani hupenda kusema taifa lao limejengwa juu ya wazo. Wazo lenyewe nimekwenda kuliona. Jengo la Nyaraka za Taifa liko Constitution Avenue, Washington, si mbali na tunapoishi. Ndani ya ukumbi wa duara taa zimefifishwa makusudi ili mwanga usizidi kuila karatasi, ingawa si karatasi, ni ngozi ya mnyama. Tamko la Uhuru la 1776 limelala chini ya kioo na kusema kweli halisomeki. Wino umepauka mno. Kona ya chini kushoto kuna alama ya kiganja cha mtu, na hakuna ajuaye ni cha nani. Nilitafuta kwa macho sehemu isemayo kwamba watu wote wameumbwa sawa, nikaikosa, nikaisema moyoni. Kwa aliyekulia Tanzania si maneno mageni. Azimio la Arusha linaanza na imani ileile, na ibara ya 12 ya Katiba yetu inasema binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa.

Thomas Jefferson aliyaandika maneno yale akiwa na miaka 33, katika vyumba vya kupanga Philadelphia. Aliyekuwa naye kumhudumia ni kijana wa miaka 14, Robert Hemmings, mtumwa wake, ambaye kwa damu alikuwa ndugu wa mke wa Jefferson, baba mmoja. Katika maisha yake Jefferson alimiliki watu zaidi ya 600. Rasimu yake ilikuwa na aya kali dhidi ya biashara ya utumwa, ikimtupia lawama mfalme wa Uingereza, na wajumbe wakaifuta. Mwaka 1787 wakaandika Katiba isiyotaja neno "mtumwa" hata mara moja, lakini iliyomhesabu mtumwa kuwa sehemu tatu kati ya tano za mtu wakati wa kugawana viti vya Bunge. Na mwaka 1790 ikaja sheria ya kwanza ya uraia: mgeni anayeruhusiwa kuomba ni mtu mweupe aliye huru.

Hapo ndipo niliposimama kwa muda mrefu, maana sheria hiyo inanihusu mimi mwenyewe. Kwa mujibu wa waasisi, mimi sikutakiwa kula kiapo hiki kamwe.

Aliyenifungulia ni nani? Kuna mwanamke mmoja ninayemfikiria sana, Elizabeth Freeman. Alikuwa mtumwa wa familia ya Ashley huko Massachusetts, wakimwita Bett. Hakujua kusoma. Siku moja bi mkubwa wa nyumba aliinua koleo la moto kumpiga msichana mwingine mtumwa, Bett akaweka mkono wake, ukachanika hadi kwenye mfupa. Kovu lile hakulifunika. Wageni walipomuuliza amepatwa na nini, aliwaambia wakamuulize bibi mwenye nyumba. Mwaka 1780 Massachusetts ilipitisha katiba yake, nayo ilisema watu wote huzaliwa huru na sawa. Bett aliyasikia maneno hayo, akamwendea mwanasheria, Theodore Sedgwick, akamwambia kwamba na yeye ni mtu, basi sheria hiyo impe uhuru wake. Mwaka 1781 baraza la wazee wa mahakama huko Great Barrington lilikubaliana naye. Ashley akamtaka arudi afanye kazi kwa mshahara, akakataa. Aliishi akiwa mkunga na muuguzi hadi alipofariki mwaka 1829, na kaburi lake liko Stockbridge.

Waheshimiwa walioandika maneno yale walikuwa wakijisemea wao. Bett aliyachukua kama yalivyo, neno kwa neno, akayapeleka mahakamani. Nikisoma historia ya nchi hii naona jambo hilo likirudiwa. Wanawake waliokutana Seneca Falls, New York, mwaka 1848 kudai haki zao waliandika upya sentensi ya Jefferson wakaongeza neno "wanawake". Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani, alisimama Rochester tarehe 5 Julai 1852 akawauliza wazungu waliomwalika Sikukuu ya Uhuru ni kitu gani kwa mtumwa, na katika hotuba hiyohiyo akaitetea Katiba kuwa hati ya uhuru. Baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe iliyoua zaidi ya watu 600,000 utumwa ukapigwa marufuku, na mwaka 1868 Marekebisho ya 14 ya Katiba yakampa uraia karibu kila aliyezaliwa katika ardhi hii. Mwaka 1870 Seneta Charles Sumner alijaribu kulifuta kabisa neno "mweupe" kwenye sheria ya uraia. Wenzake walikataa, wakiwahofia Wachina, lakini walikubali kuongeza watu wenye asili ya Afrika. Hiyo ndiyo sentensi iliyoniingiza mimi. Imelipiwa kwa damu, na si ya kwetu.

Nimefanya kazi ya kutunza wazee majumbani. Mmoja wao, bibi mzaliwa wa Mississippi, aliponikuta na kile kijitabu mapumzikoni alicheka kidogo, kisha akanihadithia mtihani wa mama yake. Kule kwao mtu mweusi akitaka kujiandikisha kupiga kura alipewa kifungu cha katiba ya jimbo akinakili na kukifafanua kwa maandishi, na karani mzungu ndiye aliyeamua kama ufafanuzi unatosha. Karani hakuwa na haja ya kutoa sababu. Mama yake alirudishwa, akaenda tena, akarudishwa. Alipiga kura baada ya sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965, tayari akiwa bibi wa wajukuu, katika nchi aliyozaliwa yeye, wazazi wake na mababu zake. Mimi nimepewa maswali pamoja na majibu yake, na afisa aliyenisahihisha alinitakia kila la heri.

Sasa niseme linaloniuma. Kwenye misiba yetu huku, kwenye harusi na vikao vya michango, mara ngapi nimesikia: "Hawa weusi wa huku wavivu, wamezaliwa na fursa mkononi wakaichezea." Linasemwa mbele ya watoto, na watu wanaitikia. Wiki iliyopita kaka mmoja ninayemheshimu alilisema tena akinipongeza kwa uraia, akaongeza kwamba sisi tumefika hapa kwa jasho letu. Jasho ni la kweli, nimeliona. Anabeba zamu mbili. Lakini nilimwambia, kaka, hebu tazama tarehe. Kabla ya 1965 sheria ya uhamiaji iligawa nafasi kwa asili ya mtu na kuwapendelea Wazungu wa Ulaya ya kaskazini na magharibi. Rais Johnson alisaini sheria mpya Oktoba 1965, miezi miwili tu baada ya ile ya haki ya kupiga kura. Ni vuguvugu lilelile. Bunge lililokuwa limelazimishwa na waandamanaji wa Selma, Alabama, kukubali kwamba rangi isimnyime raia kura lingetetea vipi tena sheria ya kuchagua wageni kwa asili yao? Watu wale walipigwa virungu darajani Machi mwaka ule, na sisi tukaja na masanduku yetu.

Kaka alisikiliza. Akasema, "Haya dada, kwa hiyo unataka tufanye nini, tuwashukuru kila asubuhi?"

Nikamwambia nataka mazungumzo yale yasirudiwe tena mbele ya wanangu. Nataka tarehe 19 Juni, siku ambayo mwaka 1865 watumwa wa Texas walitangaziwa uhuru wao kule Galveston, tusiitumie kulala tu kwa sababu ni mapumziko. Kanisa la jirani zetu huandaa chakula na watoto husimuliwa, twende. Na Novemba kuna uchaguzi. Yeye ni raia mwaka wa tisa sasa na hajapiga kura hata mara moja, anasema siasa za huku hazimhusu. Nimemwambia nitampitia na gari.