Siku moja maishani mwangu: fundi wa Ngamiani na kompyuta ya mwaka 2011

Saa 1:30 asubuhi

Kibanda changu kiko Ngamiani, Tanga. Nikishafungua milango, kabla sijachomeka kitu chochote, napima umeme wa ukutani. Unaotakiwa ni volti 230. Leo mita inasoma 221, kwa hiyo twende kazi. Umeme ukishuka sana, pawa saplai ya zamani, yaani kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, huwaka na kuzima yenyewe, na mwenye kompyuta akaja kuambiwa mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, imeungua. Sisi wa pwani tuna shida nyingine ambayo fundi wa Dodoma haijui vizuri: hewa ya chumvi. Hula kila penye chuma, polepole, miaka kwa miaka, hata ndani ya kasha lililofungwa.

Saa 2:15

Bajaji inasimama mlangoni na mwalimu mstaafu anashuka, kompyuta kaipakata kama mtoto.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba mwanangu. Hii mashine wamenichosha nayo. Naambiwa ninunue nyingine.”

Namvutia kiti, namwachia aseme yote. Maswali yangu siku zote ni yale yale: ilianza lini, ilianzaje, na nani aliifungua mara ya mwisho. Nayaamini maswali haya kuliko bisibisi. Mwalimu anasema kuna siku mashine inawaka lakini skrini inabaki nyeusi, ukiizima na kuiwasha tena inakubali. Kisha siku moja ikatoka skrini ya bluu, mjukuu akaipiga picha kwa simu. Fundi mmoja akafomati, akapiga Windows 7. Tangu hapo hakuna sauti wala intaneti. Fundi wa pili akasema mazabodi imekufa.

“Humu mna mitihani yangu yote ya watoto wa tuisheni,” ananiambia. “Kuanzia nilipostaafu.”

Picha ya mjukuu ninaiomba. Imetoka vizuri, na chini kabisa inasomeka 0x0000007B. Namshukuru mtoto yule kimoyomoyo, maana namba hiyo inaeleza nusu ya hadithi. Mwalimu anaondoka kwenda sokoni.

Saa 2:45

Kazi ya kwanza ni mitihani, si kompyuta. Natoa diski, naichomeka kwenye mashine yangu na kusoma taarifa zake za afya. Namba mbili ndizo naziangalia kwanza: 05, sekta (vipande vidogo vya diski) zilizobadilishwa baada ya kuharibika, na C5, sekta zinazoshukiwa. Zote sifuri. Fundi aliyefomati alifuta sehemu ya C tu. Mitihani ilikuwa D, na ipo yote. Naanza kuinakili. Fundi anayegusa kitu kingine chochote kabla ya hapo anacheza na mali ya watu, na hilo namwambia kijana ninayemfundisha kazi kila diski inapopita mikononi mwake.

Saa 3:20

Kasha linafunguka. Ni kompyuta ya ofisini iliyotumika Ulaya ikaja huku kama mtumba: prosesa ya Intel Core i3 ya kizazi cha pili, na RAM, yaani kumbukumbu ya muda, ya DDR3 vipande viwili vya GB 2. Vumbi limejaa kwenye feni, na kwenye kona kuna maganda ya mayai ya mjusi. Tunapuliza nje, si ndani ya kibanda, tukiwa tumeshika feni kwa kidole isizunguke.

Natazama kapasita moja moja, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi chaji kwenye mazabodi. Kwenye mazabodi nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zinavimba vichwa na kuvuja. Hizi vichwa vyake ni bapa, safi. Kisha natoa betri ya mazabodi, ile ya duara ya CR2032. Inatakiwa iwe na volti 3. Mita inasoma 1.8.

Betri hii inauzwa shilingi 2,000, na nataka nieleze vizuri ilichofanya, kwa sababu majumbani kuna kompyuta nyingi zimefomatiwa bure kwa ajili yake. Ikifa, BIOS, ile programu ndogo ya kwenye mazabodi inayoamsha kompyuta, husahau mipangilio kila umeme ukitoka. Tarehe hurudi nyuma miaka mingi, na kivinjari kikiona tarehe ya 2011 hukataa vyeti vya usalama vya tovuti, ukadhani intaneti ni mbovu. Zaidi ya hapo, namna BIOS inavyoongea na diski nayo inaweza kurudi kwenye mpangilio wa kiwandani, kutoka AHCI kwenda IDE. Windows iliyozoea AHCI ikiwashwa upande wa IDE haijui tena ipite wapi kuifikia diski yake. Ndipo inatoka bluu yenye 0x0000007B. Haikuwa virusi. Windows ya kwanza ya mwalimu ilikuwa nzima. Ilihitaji betri na mstari mmoja kubadilishwa ndani ya BIOS.

Saa 4:00

Skrini nyeusi. Natoa RAM na kuiinamisha kwenye mwanga: meno yake ya dhahabu yamefifia, yana ukungu. Chumvi hiyo. Kifutio cheupe cha penseli, taratibu, kwa mwelekeo mmoja, kisha pamba yenye spiriti ya isopropili. Narudisha kipande kimoja kwenye tundu moja, nawasha. Kinakubali. Nakihamishia tundu la pili, kinakubali. Kipande cha pili nacho hivyo hivyo. Huu ni utaratibu wa kuchosha na wengi hawautaki, lakini ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja kompyuta ikapona, hujui kilichoiponya, na mwezi ujao itarudi.

Narudisha vyote viwili, naweka betri mpya, nawasha Memtest86+, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi. Wakati inazunguka napima pawa saplai ikiwa na mzigo: waya wa njano volti 12.1, mwekundu 5.0. Kinachoruhusiwa ni asilimia 5 juu au chini, yaani ule wa 12 usishuke chini ya 11.4. Pawa saplai haina kosa.

Saa 5:10

Simu kutoka Muheza. Kijana ameshusha programu ya bure inayodai itatafuta yenyewe draiva zote, yaani programu ndogo zinazouwezesha mfumo kama Windows kutumia vifaa, na sasa kivinjari chake kinafungua matangazo kila dakika. Namwambia aje nayo. Hizi programu nazichukia kwa dhati. Draiva hukaa kwenye kiini cha mfumo. Huwezi kumpa funguo hizo mtu usiyemjua. Chukua kwa mtengenezaji wa kompyuta, au kwa mtengenezaji wa chipu yenyewe.

Saa 6:20 mchana

Umeme umekatika. Memtest ilikuwa haijamaliza, itabidi ianze upya. Swala, kisha wali na samaki kwa mama wa jirani.

Saa 8:00

Umeme ulirudi, Memtest imepita bila kosa hata moja. Sasa naingia kwenye kile mwalimu alichokuja nacho hasa: sauti na intaneti.

Swali ni moja. Kifaa kimekufa, au ni kizima na mfumo haukijui? Kwa macho huwezi kutofautisha. Njia ninayoitegemea ni kuwasha kompyuta kwa Linux, mfumo mwingine usio Windows, kutoka kwenye flashi, bila kusakinisha chochote. Linux huja na draiva nyingi za vifaa vya zamani ndani yake. Kitu kikifanya kazi kule na kisifanye kwenye Windows, tatizo ni draiva. Kikigoma pande zote mbili, anza kushuku kifaa.

Nachomeka waya wa mtandao. Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, inawaka, intaneti inaingia papo hapo. Kwa hiyo kadi ya mtandao ni nzima. Sauti: spika hazisemi kitu, ingawa mfumo unaitambua chipu ya sauti bila shida. Wote waliopita hapa waliamini kinyume, kwamba mtandao umeungua na sauti imekosa draiva.

Narudi Windows 7 nimwonyeshe kijana wangu. Kwenye Device Manager, orodha ya vifaa ya Windows, kuna kifaa chenye alama ya njano, na maelezo yake yanasema kosa namba 28, yaani draiva haijawekwa. Ukifungua sehemu ya Details ukachagua Hardware Ids, unapata jina halisi la kifaa: PCI\VEN_8086&DEV_1502. VEN ni mtengenezaji, na 8086 ni Intel. DEV ni chipu yenyewe, na 1502 ni kadi ya mtandao ya Intel 82579LM. Windows 7 ilitoka 2009, chipu hii ikaja na mazabodi za 2011, basi ile diski ya kusakinishia ingeijuaje? Laiti yule fundi angesoma herufi hizo, asingemwambia mama wa watu mazabodi imekufa.

Saa 9:15 alasiri

Sauti. Nachomeka spika kwenye tundu la mbele: inalia vizuri. Tundu la nyuma, kimya. Namulika na tochi ndani yake, naona kutu ya kijani. Brashi nyembamba yenye spiriti, kisha nachomeka na kuchomoa plagi hadi vishikizo vya ndani vikwanguke. Kwanza inakwaruza, baadaye inatulia. Kutu ikirudi nitabadilisha tundu, lakini leo haina haja.

Saa 10:00

Hapa inabidi niamue. Windows 7 iliacha kupata masasisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 nayo imefika mwisho tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane na kuendelea pamoja na TPM 2.0, kifaa cha usalama, na mashine hii haina hayo. Namjua mwalimu: anachapa mitihani, anasoma barua pepe, na ana skana ya zamani ambayo draiva yake haikuvuka Windows 7.

Nampigia simu, nampa mawazo yangu, anakubali. Naweka SSD, diski isiyo na sehemu zinazozunguka, mpya ya GB 120 na kuisakinishia Linux Mint kwa ajili ya intaneti na mitihani. Diski ya zamani inabaki na Windows 7 kwa ajili ya skana. Kabla ya kuirudisha BIOS kwenye AHCI naiandaa Windows 7 isitoe bluu tena: kwenye rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows, chini ya Services kuna msahci, draiva yake ya AHCI; thamani ya Start naitoa 3 naiweka 0. Naizima, nabadilisha BIOS, nawasha. Inawaka bila kulalamika.

Draiva ya mtandao ya Windows 7 ninayo kwenye flashi. Siiweki. Mfumo usio na masasisho sitaki uguse intaneti, na ukikosa draiva hautaigusa hata mtu akisahau na kuchomeka waya.

Saa 11:30 jioni

Mwalimu anarudi na mjukuu, wamebeba printa yao, HP LaserJet 1020. Hii kwenye Linux hudai nyongeza moja kutoka kwa HP, kwa sababu kila inapowashwa husubiri kompyuta iipelekee programu yake ya ndani. Nimeshaiweka. Mwalimu anavaa miwani, anafungua mtihani wa hesabu wa darasa la sita, anauchapa. Anaukagua jedwali kwa jedwali, anaona nafasi moja imesogea, anairekebisha mwenyewe.

Mjukuu anatoa kwenye begi kifaa cha mtandao cha USB, bado kwenye boksi lake. Waliambiwa kadi imeungua, akanunua kwa akiba yake.

“Risiti unayo?”

“Ninayo, fundi.”

Namwambia asifungue boksi, na kesho asubuhi akirudishe dukani.