Jumatatu baada ya Bukoba: siku ya fundi wa ndege Kisumu

Jana, Jumapili Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka Ziwa Victoria ikiwa karibu kutua Bukoba. Ilibeba watu 43. Wamekufa 19, marubani wote wawili wakiwemo. Mimi ni fundi wa ndege hapa Kisumu, kando ya ziwa hilohilo, na leo sijakutana na mtu ambaye hakuniuliza kitu. Nimeona niandike siku ilivyokwenda.

Saa 10 alfajiri

Simu inaita. Ni shangazi, yuko Busia. "Mwanangu, wewe umepata usingizi? Mimi sijafumba jicho." Shangazi alikuwa hukohuko Busia Januari 2003, ndege iliyobeba mawaziri ilipoanguka na kumuua Waziri wa Leba, Ahmed Khalif, na marubani wawili. Ilikuwa Gulfstream ya aina ambayo kiwanda kiliacha kuiunda 1969, na tangu siku hiyo shangazi anaamini ilikufa kwa uzee. Iligonga nyaya za umeme ikipaa. Nimemweleza hayo miaka yote. Leo sikumweleza kitu, nilimsikiliza tu hadi akatulia.

Saa 11 na nusu

Pikipiki kutoka Otonglo. Kijana anayenibeba anageuza shingo kila mara, namwomba aangalie barabara. "Injinia, hizi za propela ni za kitambo, si ndiyo?" Namwambia ile ya Bukoba ni ATR 42-500 ya mwaka 2010, ina miaka 12. Propela si dalili ya uzee. Kwa safari fupi hutumia mafuta kidogo, na hutua kwenye viwanja vifupi ambavyo jeti kubwa haiviwezi. Anasema, "Basi mbona imeanguka?" Hilo ni la wachunguzi. Walichosema walioshuhudia ni kwamba hali ya hewa ilikuwa mbaya, na sitaki kusema zaidi ya hapo wakati miili haijazikwa.

Saa 1 na nusu asubuhi

Ndege ya kwanza kutoka Nairobi inatua. Abiria wanashuka wakiwa kimya kuliko kawaida. Mmoja anagusa ubavu wa ndege kwa kiganja anapopita.

Mimi huanza puani nikazunguka ndege nzima, tochi mkononi hata jua likiwa limewaka. Matairi kwanza: mifereji ya mpira bado ina kina? Kuna nyuzi zinazochungulia? Kwenye breki kuna kipini kidogo kinachofupika kadiri breki inavyolika, na kikifika usawa wa chuma, ndege haiondoki. Kisha propela. Napitisha kidole ukingoni mwa kila panga la propela, taratibu, kwa sababu jiwe dogo la uwanjani linaweza kuacha pengo ambalo jicho halilioni lakini ukucha unalishika. Vijibomba vya kupima mwendo navikagua sana hapa kwetu, maana wadudu wa ziwani huingia popote.

Mwisho ni ribiti, vile vipini vinavyoshikanisha mabati ya ndege. Ribiti iliyoanza kulegea hujitambulisha yenyewe: nyuma yake huonekana alama nyeusi kama mkia, ni vumbi la chuma linalosagika kila ndege inapotikisika. Leo nimepata moja karibu na mlango wa mizigo. Nimeifuta kwa kitambaa, nikaikagua kwa kioo cha kukuzia, nikaibonyeza. Haikucheza. Ilikuwa grisi. Hata hivyo nimeiandika kwenye kitabu cha ndege ili fundi wa Nairobi naye aitazame usiku. Kazi yetu yote ni hiyo, kumwachia anayefuata maneno ya kweli.

Mama mmoja anayesubiri kupanda ameniona nikiandika. "Baba, hii ina miaka mingapi?" Nikamwambia ukweli: imepita 20. Akashika kifua. Nikamwomba anipe dakika mbili.

Nilimweleza habari ya Hawaii, Aprili 1988. Boeing 737 ya Aloha Airlines, umri miaka 19, ilichanika paa ikiwa angani. Mhudumu mmoja alivutwa nje akapotea, na marubani wakaishusha ndege ikiwa wazi juu. Miaka 19 kwa ndege si mingi. Lakini ile ilikuwa imeruka mara 89,680, safari fupi fupi kati ya visiwa, kwenye hewa ya chumvi. Kila inapopaa hujazwa hewa ndani, ikitua hewa inatoka, na bati lake linatanuka na kunywea. Kunja waya uleule mara nyingi, utakatika mahali ulipoukunja. Ndiyo maana sisi huhesabu kupaa na kutua kuliko tunavyohesabu miaka, na baada ya Aloha Marekani ilitunga sheria mwaka 1991 ya kukagua ndege zilizozeeka. Mama akauliza, "Na hii yenu mnaihesabu?" Kila siku, mama. Akapanda.

Saa 4 asubuhi

Chai, na ubishi. Wapakiaji mizigo wamekasirika na hasira yao ina msingi. Mmoja anasema, "Serikali hainiruhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8. Ndege ya miaka 30 inaruhusiwaje?" Wengine wakapiga meza.

Swali hilo linastahili jibu. Mei 2007 ndege ya Kenya Airways ilianguka Douala ikaua watu wote 114. Ilikuwa na miezi kama 6 tu, marubani walipoteza udhibiti usiku mara baada ya kupaa. Machi 2019 ile ya Ethiopian iliyokuwa inakuja Nairobi ilikuwa na miezi 4. Walikufa 157, Wakenya 32, kwa sababu kihisio kibovu kilidanganya programu ikawa inasukuma pua ya ndege chini. Hapo pakawa kimya, maana kila mtu Kenya anamkumbuka mtu wa siku ile.

Lakini siwezi kusema umri hauna maana, nitakuwa nadanganya. Mwaka 2002 ndege ya China Airlines ilisambaratika angani karibu na Taiwan, watu 225 wakafa. Mkia wake uligonga uwanja wa Hong Kong mwaka 1980, ukatiwa kiraka vibaya, na ufa ukakua chini ya kiraka hicho kwa miaka 22 bila kuonekana. Ndege kuukuu hubeba kazi ya kila fundi aliyewahi kuigusa, mwema na mzembe. Ikishauzwa mara tatu, nchi tatu, karatasi zake ndizo uhai wake. Ningependa mamlaka ya usafiri wa ndege iweke hadharani, kwa kila ndege ya abiria, imepaa mara ngapi na ilifunguliwa yote kukaguliwa lini. Mwananchi anayelipia tiketi ana haki hiyo kuliko haki ya kujua mwaka wa kiwanda.

Saa 8 mchana

Abiria mmoja amekataa kupanda, ataenda Nairobi kwa basi. Sikumzuia. Nilimwomba tu asipande basi la usiku. Oktoba 2018 basi lilipinduka Fort Ternan likaua zaidi ya watu 50, wengi wao wa kwetu huku magharibi, na hakuna aliyeuliza basi lile liliundwa lini.

Saa 11 jioni

Baada ya zamu niliteremka ufuoni Usoma. Wavuvi walikuwa wamezunguka simu moja, wakitazama picha za wenzao wa Bukoba, mitumbwi imezunguka mkia wa ndege. Wavuvi ndio waliotangulia kufika. Kijana mmoja wao, Majaliwa Jackson, aliishia kulazwa hospitalini baada ya kujaribu kuwafikia marubani.

Mwenyekiti wa ufuo akaniuliza, "Injinia, ikianguka hapa kwetu, tunafungua wapi?" Sikuwa nimewahi kuulizwa hivyo. Nikawachorea mlango kwenye mchanga: mshikio wa nje umelala ndani ya kishimo, pembeni kuna mshale unaoonyesha uuzungushe wapi. Usivunje dirisha kwanza. Usikae karibu na propela. Usimfungie mtu kamba kabla hujajua mkanda wake umefunguka. Mzee mmoja akaniambia nirudie, nikarudia, vijana wakarekodi kwa simu.

Tumekubaliana kwamba kesho mwenyekiti anipe majina na namba za wenye mitumbwi yenye injini, nizipeleke kwa watu wa zimamoto wa uwanja, na tuombe zoezi la pamoja majini kabla ya Krismasi. Barua naandika usiku huu.