Usiiache laini yako ya zamani ifungwe

Nilipohamia ng'ambo niliiacha laini yangu ya zamani ikafungwa. Wiki ya pili nikataka kuhamisha pesa. Benki ikatuma namba ya uthibitisho kwenye laini ile ile, nami nikabaki na akiba nisiyoweza kuigusa. Nakusihi, badilisha namba benki kabla hujasafiri, au uiweke laini hai.

Vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa vigongwe mapema muhuri wa apostili, yaani uthibitisho unaofanya hati ikubalike nchi nyingine, ikiwa nchi zote mbili zimo kwenye Mkataba wa The Hague wa 1961. Ukishaondoka, mzigo huo unamwangukia ndugu uliyemwacha.

Na dawa? Mwombe daktari aandike jina la dawa yenyewe, maana majina ya kibiashara hutofautiana nchi kwa nchi. Mimi nina pumu. Karatasi ile naibeba mpaka leo.