Blu-ray ni ghali, na bado nanunua

Mdogo wangu kaniuliza tena leo, hivi kaka kweli unatoa hela yote hiyo kwa diski moja ya Blu-ray (ile kama DVD ila picha yake kali zaidi) wakati pale mtaani mtu anakujazia muvi flashi nzima kwa hela ya soda? Nilimjibu kifupi tu, ila swali halijaniacha, acha niliandike.

Hela ni nyingi, hilo sibishi. Diski mpya ya 4K, yaani Blu-ray ya picha kali kuliko zote, Uingereza mara nyingi inapita pauni 20, na mimi naletewa na dada anayeishi huko maana hapa Dar kuzipata ni shughuli. Kwa hiyo sinunui muvi ambayo sijaiona, kamwe. Naiangalia kwanza kwa njia nyingine, nikiona hii nitairudia miaka na miaka ndo naagiza.

Ila ukishaiweka kwenye deki unaelewa hela imeenda wapi. DVD za huku kwetu zina mistari 576 ya picha, Blu-ray 1080, na nafasi yake ni GB 25 au 50 wakati DVD ya matabaka mawili inaishia 8.5. Ya 4K inafika mpaka GB 100. Watu wanadhani kustrimu 4K ni kitu kilekile kisa imeandikwa 4K, hapana jamani, kwenye intaneti picha inabanwa sana ili ipite, unapewa kama megabiti 15 hadi 25 kwa sekunde wakati diski inaweza kupita 100, na hapo bado bando lako limeliwa GB kumi na kitu kwa muvi moja. Angalia sehemu za giza, moshi, maji ya bahari usiku, kwenye strimu weusi unakatika viboksi viboksi, kwenye diski unaona mpaka mikunjo ya koti la mtu aliyesimama kivulini. Sauti ndo usiseme, nyingi haijapunguzwa kitu, ukiwa na spika nzuri mvua inanyesha sebuleni.

Kama TV yako ni inchi 32 na unakaa mbali nayo, tunza hela yako, tofauti hutaiona. Na wa kuagiza Marekani angalieni kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imefungiwa, Blu-ray nyingi za kule ni kanda A na deki za huku ni kanda B, hazitacheza, za 4K zenyewe hazina kanda.

Kinachoniuma ni kwamba hizi vitu zinaondoka. Oppo waliacha kutengeneza deki za Blu-ray 2018, Netflix wakafunga huduma yao ya DVD Septemba 2023, Best Buy, maduka makubwa ya vifaa vya umeme Marekani, nao wameacha kuuza diski za muvi. Halafu kwenye app mkataba ukiisha muvi inatolewa tu, unaitafuta jioni haipo, na ulikuwa unalipia kila mwezi! Diski iliyoko kabatini kwangu hakuna wa kuitoa.

Nimeamua miezi hii sinunui muvi mpya, nachanga hela ya deki ya pili ya akiba, ya kwanza ikifa zote hizi ntazichezea wapi.