Nilivyotengeneza Magari Madogo ya Mashindano Hapa Mtwara

Gari dogo la chuma la kipimo cha 1:64, yaani dogo mara 64 kuliko gari halisi, lina urefu wa sentimita 7 hivi, halina mota wala betri, na likiachiwa juu ya mteremko hutegemea uzito wake na wepesi wa magurudumu yake tu. Magari ya Hot Wheels, ambayo kampuni ya Mattel ilianza kuyauza Marekani mwaka 1968, yalijipatia sifa mapema kwa ekseli zake nyembamba zilizopunguza msuguano. Mimi huyapata kwenye vitu vya kuchezea vya mtumba, mara nyingi yakiwa yamepinda ekseli, na yote niliyoyafanya baada ya hapo nimeyafanya kwa vifaa vinavyopatikana hapa mjini.

Bodi na chasisi hushikanishwa kwa ribiti chini ya gari. Huzitoboa vichwa kwa drili ndogo, polepole, kwa kuwa bodi ni ya aloi ya zinki ambayo ni laini na huliwa upesi. Wakati wa kulifunga tena hutumia skrubu za mafundi simu.

Kazi kubwa, ambayo naamini ndiyo inayoamua mbio, ni kunyoosha ekseli. Huliweka gari juu ya kioo cha dirisha, nikainama hadi jicho liwe usawa wa kioo, nikatazama kama magurudumu yote manne yanagusa. Kisha hulisukuma taratibu nione linaelekea upande gani, na kuirekebisha ekseli kwa koleo jembamba, kidogo kidogo, mpaka gari liende mbele bila kuvuta kando. Gari linalovuta kando husugua ukingo wa njia tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna uzito utakaolifidia.

Kulainisha ekseli situmii mafuta, kwani hunasa vumbi. Natumia unga wa kinywe, madini ambayo wenzetu wa Ruangwa, mkoani Lindi, wanayo ardhini mwao. Wangu nausaga kutoka kwenye kiini cha penseli laini, 2B au zaidi, kwa sababu penseli ngumu zina udongo mwingi unaokwaruza.

Uzito nao una nafasi yake, kwa kuwa gari zito haliyumbishwi sana na upinzani wa hewa. Jirani yangu mvuvi wa Shangani hunipa chubwi zilizochakaa, yaani vizito vya madini ya risasi vya kuzamishia mshipi, nami hukata vipande vidogo na kuvigandisha nyuma kidogo ya katikati. Gari linaposubiri juu ya mteremko, upande huo ndio ulio juu zaidi, kwa hiyo uzito huo hupata kimo kikubwa cha kushuka. Risasi ni sumu, hivyo watoto hawaishiki kabisa, nami hunawa mikono kwa sabuni kila nimalizapo.

Njia zetu ni tranki za plastiki za kupitishia nyaya za umeme, zenye upana wa milimita 40, zilizofungwa juu ya ubao. Maungio yake nimeyapiga msasa kwa subira kubwa, kwani kingo iliyoinuka unene wa ukucha tu hurusha gari nje. Watoto wa mtaani hukusanyika barazani baada ya alasiri, na kila jozi hukimbia mara mbili kwa kubadilishana njia, maana hata baada ya msasa wote huo njia ya kushoto bado ina kasi kidogo kuliko ya kulia.